Robota Lilikwama Tassia: Namna ya Kulipia Mashine ya Kupandisha Nyasi Bila Kuliwa Pesa

Ukishuka stage ya Taj Mall (jina limebaki, ingawa jengo lenyewe lilibomolewa 2018) na kuingia Tassia, utakutana na mafundi wa kuchomelea kila baada ya hatua chache. Wanatengeneza mageti, fremu za madirisha na grili za balconi. Ng'ombe hutamuona. Kuna maghorofa yaliyosongamana hadi nguo za jirani zinadondokea zako. Kwa hivyo tuliposikia kwamba fundi mmoja wa hapa ameunda mashine ya kupandisha marobota ya nyasi ghalani, ilibidi tufunge safari tukamuulize. Mashine tulitaka kuiona, ndiyo, lakini zaidi tulitaka kujua pesa zilipita njia gani.

Aliyeiagiza ni mteja wetu, mama anayeishi Tassia na kuuza vitambaa. Ameomba jina lake lisitajwe. Ana ng'ombe wanne wa maziwa Ol Kalou, kaunti ya Nyandarua, wanaotunzwa na shemeji yake. Watu kama yeye wana jina lao mtaani, wakulima wa simu: anaagiza dawa, analipa daktari wa mifugo na kuuliza habari ya ndama, yote akiwa amekaa dukani.

Nyasi ndiyo ilimtoa jasho. Hununua Boma Rhodes kwa lori wakati wa mavuno bei ikiwa chini, marobota 300 kwa safari, kila moja kama kilo 15. Hizo ni tani nne na nusu. Ghala lake lina dari la mbao mita 4 kutoka chini, na kila robota lilikuwa likipanda hapo kwa bega la mtu na ngazi. Mwaka jana shemeji yake aliteleza kutoka kwa ngazi hiyo akavunjika mkono. Mara nyingine lori lilifika saa kumi jioni, mvua ikaanza, na marobota zaidi ya 40 yakalowa kabla ya kuingia ndani. Mkulima hachukulii nyasi iliyolowa kama hasara ndogo. Huota ukungu, na ukiipanga ndani ikiwa na unyevu hupata joto yenyewe, wakati mwingine hadi ikashika moto bila mtu kuwasha kiberiti.

"Nilisema, hii kitu ya ngazi imetosha," alituambia.

Shilingi 20,000 zilizokwenda

Kabla ya kufika kwa fundi, alianza pale wengi wetu tunapoanza, Facebook. Aliona tangazo la mashine kuukuu iliyodaiwa kutoka Uingereza: picha nzuri, magurudumu mawili, rangi nyekundu. Bei ilikuwa chini kuliko alivyotarajia. Muuzaji alisema yuko Naivasha, kwamba kuna mnunuzi mwingine yuko njiani, na akitaka ishikiliwe atume 20,000 mara moja.

Alipoingiza nambari, jina lililotokea kwenye skrini kabla ya PIN halikuwa la muuzaji. Akauliza. Akajibiwa, "Ni ya bibi yangu, yangu imejaa." Akatuma. Jioni simu haikushikwa, na kesho yake tangazo lilikuwa limeondolewa.

Hapa tuseme ukweli hata kama hautupendezi. Alitupigia siku ya pili. Pesa zilikuwa zimetolewa kwa ajenti ndani ya dakika chache baada ya kuingia. Ombi la kurudisha muamala husaidia pesa zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Zikishatoka, sisi hatuna cha kushika. Tulichofanya ni kuifunga laini ile na kumwelekeza aende kituo cha polisi apate nambari ya OB, kwa sababu bila ripoti ya polisi uchunguzi hauendi mbali.

Kuna jambo moja kuhusu mashine za aina hii ambalo matapeli wanalijua vizuri. Gari lina logbook, na unaweza kuulizia nani mwenyewe kabla ya kulipa. Mashine ya kupandisha nyasi haina karatasi kama hiyo. Umiliki wake ni risiti tu, na kuiona kwa macho. Mtu akikuuzia mashine ambayo hujaigusa, unachonunua kwa wakati huo ni picha.

Kwa hivyo lile jina kwenye skrini si mapambo. Likitofautiana na jina la mtu unayeongea naye, simamisha shughuli, hata kama maelezo anayokupa yana maana. Bibi, kaka, kijana wa ofisi: tumesikia yote.

Mashine yenyewe ni kitu gani

Ukiiona utashangaa ilivyo rahisi. Ni mfereji mrefu wa chuma uliolazwa kwa mshazari kutoka chini hadi dari. Ndani yake cheni inazunguka, ikiwa na vipande vya chuma vilivyosimama kama vidole, na kila kidole kinasukuma robota juu. Mtu mmoja chini anaweka, wawili juu wanapokea na kupanga. Fundi alituambia hakuwahi kuiona kabla ya kuletewa video kwa WhatsApp, lakini haikumtisha. "Hii ni kama hoist ya mjengo tu, ni vile imelala." Na kweli, Tassia imejengwa kwa hoist, ghorofa baada ya ghorofa, ndoo za zege zikipanda mchana kutwa.

Tunaeleza hesabu kwa sababu hesabu ndiyo inayokuambia unalipia nini. Kupandisha kilo 15 hadi mita 4 kunahitaji nguvu kidogo sana. Marobota sita kwa dakika ni kama wati 60, sawa na balbu moja ya zamani. Ongeza msuguano wa cheni, uzito wa vidole na ule mshtuko wa kuanza, na bado mota ya nguvu farasi 1 hadi 1.5 ya umeme wa kawaida wa nyumbani inatosha. Lile tangazo la Facebook lilijisifu kwa injini ya nguvu farasi 9. Mtu akikusukumia injini kubwa hivyo kwa kazi hii, anakuuzia kile alicho nacho.

Urefu nao unategemea mshazari. Kufikia mita 4 kwa nyuzi 45 unahitaji mfereji wa karibu mita 5.7, na ukitaka mteremko wa nyuzi 30 unahitaji mita 8. Yeye alichagua mita 6, kwa vipande viwili vya mita 3 vinavyofungwa kwa bolti ili vibebeke. Cheni huenda na kurudi, kwa hivyo mashine ya mita 6 hula zaidi ya mita 12 za cheni. Ukiweka mbili, moja kila upande, ni zaidi ya mita 24. Hapo ndipo watu hupunjwa: risiti inaandikwa "cheni" bila mita.

Sehemu ya kuangalia kuliko zote ni giaboksi. Mota ya kawaida huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Ukiiunganisha moja kwa moja na cheni, robota litaruka kama jiwe la manati. Giaboksi ya 1 kwa 25 hupunguza mzunguko hadi karibu 58 kwa dakika, na kwa gurudumu la meno la kipenyo cha sentimita 15, robota linasafiri zile mita 6 kwa sekunde 13 hivi. Hiyo ni kasi ambayo binadamu anaweza kuipokea. Giaboksi ni ghali, na ndiyo kitu cha kwanza fundi mwenye haraka atajaribu kukwepa kwa kuunganisha mikanda na puli kiholela.

Labda huihitaji

Tunauza huduma ya malipo, kwa hivyo mtu angetegemea tukuhimize ulipe. Lakini piga hesabu kwanza. Vibarua wa Ol Kalou walikuwa wakimtoza huyu mama shilingi 10 kwa robota. Malori manne kwa mwaka ni marobota 1,200, yaani 12,000. Mashine haiondoi watu wote, labda inapunguza nusu. Ataokoa 6,000 kwa mwaka kwenye mashine ya 92,000. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya miaka 15 kabla irudishe pesa, kama unaangalia vibarua peke yao.

Kwa ghala dogo kapi inatosha. Mmarekani mmoja wa Fairfield, Iowa, anayeitwa William Louden, alipata hataza mwaka 1867 kwa kifaa cha namna hiyo: kitoroli kinachokimbia kwenye reli chini ya paa, kamba, na uma wa kubeba nyasi. Maghala ya huko yalijazwa kwa mtindo huo miaka mingi, farasi akivuta kamba. Fundi wetu alipoelezwa alicheka akaonyesha magurudumu ya geti la kusukuma ukutani. "Si hizi tu? Unaweka reli juu badala ya chini." Kwa mtu wa marobota 200 kwa mwaka, kapi moja, kamba nzuri na ndoano ni gharama ya siku chache, na hakuna umeme wa kuogopa karibu na nyasi kavu.

Yeye alikuwa na sababu mbili za kuendelea: mkono wa shemeji, na majirani. Familia tatu nyingine pale Ol Kalou zilikuwa na shida hiyo hiyo. Wakakubaliana kununua pamoja, 23,000 kila nyumba, na pesa zikaingia kwenye akaunti ya chama ambapo kila mmoja anaona kilichoingia na kilichotoka. Baada ya zile 20,000 za Naivasha, hilo la kuonana lilikuwa sharti lake yeye mwenyewe.

Jinsi 92,000 zilivyogawanywa

Fundi aliomba nusu mbele, kama kawaida. Mama hakukataa kwa ukali. Alimwambia, "Fundi, vifaa nitalipa mimi mwenyewe dukani, wewe nitakulipa kazi." Wakaenda pamoja.

Mota na giaboksi, 31,000, zililipwa kwa nambari ya till ya duka, jina la duka likatokea kwenye skrini, na risiti ikaandikwa kwa jina lake pamoja na nambari za mota. Cheni na magurudumu ya meno, 14,000, duka lingine, mita zikaandikwa. Vyuma, 19,000, vilifikishwa kwa mkokoteni hadi kwa fundi na akalipa vikishahesabiwa. Jumla 64,000 ambazo hazikupita mkononi mwa fundi hata kidogo. (Hizo ni bei zake za siku ile; usizitumie kubishana na mtu.)

Kazi ilikuwa 28,000. Walikubaliana 8,000 siku ya kuanza, 8,000 fremu ikisimama, na 12,000 mashine ikishapandisha marobota kumi mbele ya macho yake bila kukwama. Yote aliyaandika kwenye ujumbe, fundi akajibu "sawa nimekubali", na hapo ndipo 8,000 za kwanza zikatumwa. Angalia mpangilio: maandishi kwanza, pesa baadaye. Ujumbe ulioandikwa baada ya pesa kutoka ni ombi tu.

Pamoja na ujumbe huo alituma picha ya robota likiwa na futi ya kupimia juu yake. Shemeji ndiye aliipiga. Utaona kwa nini inahusika.

Tulimuuliza fundi kama alihisi ameshukiwa. Akasema mwanzo alihisi hivyo, kisha akaona faida yake. Karakana yake ina geti moja kubwa limesimama ukutani tangu mwaka jana. Mteja alilipa kidogo, fundi akaweka chuma chake mwenyewe, mteja akapotea. Na si hilo tu. Mwingine aliwahi kumwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, akachukua dirisha na kuondoka, na pesa hazikuingia hadi leo. Ujumbe ulikuwa wa kubuni. Kwa mafundi wanaotusoma: usiangalie simu ya mteja. Angalia yako, tena si ujumbe tu, fungua salio. Na mtu akikupigia kwamba "amekosea kutuma" na anataka umrudishie, usitume chochote kabla ya kuhakikisha kwamba kuna kilichoingia.

Siku ya kujaribu

Walifanya majaribio kwenye jengo lisilomalizika la jirani, mfereji ukiegeshwa kwenye slabu ya ghorofa ya kwanza. Kwanza mifuko ya mchanga ya kilo 15. Ikapanda vizuri, watoto wa mtaa wakipiga makofi. Kisha yakaja marobota matatu halisi, yaliyopandishwa bodaboda kutoka kwa muuzaji wa nyasi wa Ruai.

La kwanza likakwama mita moja tu kutoka chini.

Robota la kawaida la mashine lina upande wa sentimita 36 na upande wa 46. Fundi alikuwa amechukua ule mdogo, akaongeza nafasi kidogo, akafanya mfereji wa sentimita 42. Robota likisimamishwa kwa upande linaingia, lakini linayumba na kuanguka. Likilazwa, ambavyo kila kibarua atafanya, haliingii. Mama akafungua simu akamwonyesha ile picha: futi inasoma 46, tarehe ni kabla ya malipo ya kwanza.

"Mathe, hapo kosa ni langu," fundi akasema. "Nimeona."

Hakukuwa na kelele. Kulikuwa na 12,000 ambazo bado hazijalipwa na ujumbe ambao wote wawili walikuwa nao. Alikata fremu, akapanua hadi sentimita 60, akanunua vyuma vya ziada kwa pesa yake. Alichagua 60 baada ya shemeji kusema kwa simu kwamba majirani wengine hufunga nyasi kwa sanduku la mbao, lile la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 ambalo maafisa wa kilimo hufundisha, na robota lake huwa pana zaidi. Ilichukua siku tatu. Jaribio la pili, marobota yale yale matatu yalizungushwa mara nne, kumi na mbili kwa jumla, bila kukwama. Akatumiwa 12,000 papo hapo, na mama akaongeza 1,000 ya chai.

Alipokuwa akisubiri, mama aliongeza mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye makubaliano, na akayalipia kando: bati la kufunika cheni na magurudumu pande zote ili nguo ya mtu isivutwe, na swichi kubwa chini, pale anaposimama anayeweka marobota. Hatuelewi kwa nini hayo hayakuwepo tangu mwanzo. Ukiagiza yako, yaandike kwenye ujumbe wa kwanza kabisa.

Na kama mambo yangeharibika? Kwa kiasi kama hiki kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Taarifa ya miamala unayoitoa kwenye simu, risiti za till na ule ujumbe wa "sawa nimekubali" ni ushahidi wa kubeba. Makubaliano ya mdomo kando ya barabara pia ni makubaliano, ila itabidi umpate shahidi aliyesikia, na kelele za Outering Road unazijua.

Safari ya Ol Kalou

Kusafirisha kulimgharimu kidogo kwa sababu alitumia lori lililoleta viazi Nairobi na lilikuwa linarudi tupu. Dereva alitaka malipo yote kabla. Wakakubaliana nusu mashine ikipakiwa, nusu shemeji akipiga simu kwamba imeshuka. Nusu ya pili alituma saa mbili usiku akiwa nyumbani, baada ya kumwambia shemeji ahesabu vipande: mifereji miwili, mota, giaboksi, mfuko wa bolti. Bolti mbili zilikuwa zimepotea njiani. Hazikuwa kosa la mtu.

Lori la kwanza la nyasi lilipofika, mashine ilifanya kazi kwa kasi kuliko watu. Kwa hesabu ya karatasi, marobota 300 kwa sita kila dakika ni dakika 50. Ilichukua saa moja na nusu, kwa sababu wawili waliokuwa juu hawakuweza kupanga kwa mwendo ule na ilibidi izimwe kila mara. Sasa huweka watatu juu. Chama kimeamua kutoza majirani wasio wanachama shilingi 4 kwa robota, zinazolipwa kwa till ya chama, si kwa simu ya mtu yeyote, na mweka hazina husoma salio kwenye mkutano wa kila mwezi.

Shemeji hapandi tena. Mkono umepona lakini haunyooki sawasawa, kwa hivyo kazi yake ni kukaa chini, kwenye swichi.